Propela inagonga na kutetemeka: anza na masikio

SWALI: Fundi, salaam. Nina Land Rover Series III ya 1978. Ilikuwa ikigonga "ngo!" mara moja kila nikiachia klachi, nikabadilisha mwenyewe krosi zote mbili (viungo vya msalaba vya kila ncha) za propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Bado inagonga, na sasa nikifika kilomita 60 kwa saa sakafu yote inatetemeka. Ninunue propela nyingine?

JIBU: Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Kugonga ulikuwa nako tangu zamani. Mtetemo umekuja baada ya mikono yako. Hayo ni magonjwa mawili.

Propela hiyo ina vipande viwili vinavyochomekana kwa meno, ili irefuke na kufupika springi zinapocheza. Nadhani ulivitenganisha ukavirudisha bila alama. Ingia chini uitazame kwa urefu: masikio ya propela yenyewe (panda zinazoshika krosi), ya mbele na ya nyuma, lazima yalale usawa mmoja. Krosi iliyokaa kwa pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja huharakisha nyakati mbili na kupunguza mwendo nyakati mbili. Krosi ya pili ndiyo hufuta kosa la ya kwanza, na masikio yakipishana haiwezi tena. Chomoa, panga, na safari hii piga alama ya rangi kabla ya kutenganisha chochote. Kama springi zimebadilishwa ili kulinyanyua gari, angalia pia kama flanji (sahani ya kufungia propela) ya transfa, yaani giaboksi ndogo iliyo nyuma ya giaboksi, na ya difu, yaani gia za katikati ya ekseli ya nyuma, ziko sambamba.

Kuhusu "ngo", kaza kwanza nati za flanji na yu-bolti za springi, zile zinazofunga ekseli kwenye springi. Usicheke: niliwahi kushusha giaboksi nzima nikitafuta mlio kama huo, kumbe yu-bolti imelegea na ekseli inajipinda kila nikiondoka.

Kisha zuia magurudumu kwa magogo, weka gia huru, vuta hendibreki. Kwenye Series hendibreki hubana ngoma iliyo nyuma ya transfa, kwa hiyo flanji ya mbele ya propela haiendi popote. Shika bomba la propela ulisokote huku na huku. Likicheza ilhali flanji imetulia, krosi ya mbele ni mbovu, hata kama ni ya juzi. Sindano moja, yaani rola nyembamba ya ndani ya kikombe cha krosi, ikiangukia chini ya kikombe wakati wa kupachika, kikombe hakikai mpaka mwisho. Vumbi jekundu pembeni ya kikombe maana yake grisi haikufika.

Krosi zikiwa nzima, achia hendibreki, nyanyua gurudumu moja la nyuma juu ya stendi na ulizungushe polepole. Umbali linaokwenda kabla propela haijaanza kusogea ni ulegevu wa difu na shafti za ndani. Kidogo ni kawaida kwa gari la umri huo. Likienda sana, fungua difu.

Ukiamua kuitoa propela ya nyuma ili ujaribu gari bila hiyo, kumbuka hendibreki haishiki tena magurudumu ya nyuma. Usitoe magogo gari likiwa limesimama.