Kabla Hujakipa Kichaka Chako Jina

Msomaji mmoja wa Micheweni kaniandikia: karithi kichaka kwa babu yake, anataka kukipa jina na kutia kibao barabarani, aanzie wapi? Nimefurahi kuulizwa mimi, maana jina la kichaka changu sasa makonda wa gari za Wete wanalitaja wenyewe. "Mikinduni yupo?" Sijamlipa mtu.

Nilipokabidhiwa fungu langu la mirathi, pale pakiitwa Kwa Mapepo. Magharibi ikiingia watu wakipita mbio, na mimi sokoni nikaanza kuitwa Bi Mapepo. Nikasema jina hili libadilike. Mtoto wa ami yangu akashikilia paitwe kwa jina la babu yetu, eti ndiye aliyepafyeka. Angepafyeka ungekuwepo msitu? Babu alikuwa na mikarafuu yake kule bondeni. Huku juu wakiingia wanawake kutafuta ukindu wa mikeka. Bibi mmoja alinichukua akanionyesha anavyokata: kila mkindu kuti changa moja, yaliyobaki anauachia mti, kisha anahamia mwengine. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza hapo panaitwaje.

Basi, Mikinduni. Fundi wa kibao akaniandikia "Mikindani". Nikamrudishia bati lake, nikamwambia Mikindani iko Mtwara, baba, hapa Pemba.

Mtoto wa ami hajanisamehe. Kwenye khitma ya shangazi alinambia mbele za watu kuwa nimeliuza jina la babu kwa makuti. Liliniuma na bado linaniuma, lakini kibao sikukitoa.

Kwa hiyo ushauri wangu: waulize wanaopatumia. Tazameni mjini Unguja, Miembeni, Michenzani, Mwembeladu. Watu walielekezana kwa miti, basi. Siku hizi tunakimbilia bati na rangi, jirani hatumuulizi, mzee hatumuulizi, tunatafuta jina la Kizungu la kuwavutia watalii. Jina hilo utalisoma peke yako. Waulize wanaopatumia, narudia.

Na usiandike "mali ya fulani". Ardhi ya visiwa hivi ni ya umma, Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema hivyo. Ulichonacho wewe ni haki ya kuitumia. Miti nayo huenda ina mwenyewe mwengine, kwetu si ajabu ardhi ikawa ya huyu na mikarafuu ya yule. Kabla hujenda kwa sheha kutaka jina liingie kwenye barua zake, pita na nduguzo mti kwa mti. Mkarafuu wa pembeni ukiwa wa shangazi yako, naye aulizwe. Akitaka liwe jina lake na wewe hutaki, mwambie mapema, asije akalisikia lako kwa konda.