Picha ya Kale Isiyo na Saini: Anza na Mgongo

Picha yangu ya kwanza ya aina hii, ya kuchorwa kwa rangi, ilikuwa ya mwanamke wa gauni jeusi na kola ya lesi, uso bapa kama uliopigwa pasi. Nikachovya pamba majini, nikafuta shavu kidogo nione rangi yake halisi. Nilidhani natoa uchafu, kumbe natoa shavu. Basi usisafishe kitu. Vumbi na vanishi iliyogeuka njano, mthamini, yaani mtu atakayeikadiria thamani, ameshavizoea.

Igeuze kwanza. Wengi huukodolea macho uso wakitafuta jina, ilhali mgongo ndio wenye habari. Turubai, yaani kitambaa kilichochorewa, limeshikiliwa na nini? Pini za stepla ni mambo ya karne ya 20. Misumari ya waya, yenye shina la mviringo, ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake ilikatwa kutoka bamba la chuma, na shina lake lina pembe. Ila msumari mpya hauthibitishi kwamba picha ni mpya, kwani huenda turubai lilivuliwa likawambwa upya. Ukikuta muhuri wa muuza turubai wenye anwani, umepata bahati: maduka yalihama, na anwani husaidia kukadiria miaka.

Kisha chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vilivyopangana sawasawa, hiyo imechapwa kwa mashine, wala usijisumbue zaidi. Gizani, chini ya taa ya urujuanimno (UV), vanishi ya zamani mara nyingi hung'aa kijanikijani, na palipopakwa rangi baadaye hujitokeza kama madoa meusi.

Jina nalo lina mitego yake. Marekani, kabla ya upigaji picha kuenea baada ya 1839, wachoraji walizunguka mji hadi mji, na wengi hawakuweka saini. Kazi za Ammi Phillips (1788–1865) zilidhaniwa kuwa za wachoraji wawili tofauti hadi watafiti walipoziunganisha katika karne ya 20. Ikiwa mabingwa walitatizika hivyo, muuzaji anayekutajia jina papo hapo amelitoa wapi? Hata ule ubapa si lazima uwe dalili ya mkono mbovu: mchoraji Mmarekani William Matthew Prior alitoza bei nafuu kwa picha zisizo na vivuli. Mteja alipata alicholipia.

Kwenye orodha za mnada, soma maneno kama wakili. "Inadhaniwa kuwa ya" fulani ni maoni ya mtu. "Kwa mtindo wa" fulani maana yake hakuna anayesema ni yake. Linganisha na bei zilizolipwa, si zilizoombwa. Mtoto aliyepakata paka, hata bila jina la mchoraji, kwa kawaida humshinda mzee aliyenuna. Na anayetaka kuinunua asiwe ndiye anayekuthaminia.

Yangu iliandikwa "msanii hajulikani, Marekani, karibu 1835". Chini yake, kwenye mstari wa hali ya picha, mthamini akaongeza: shavu la kushoto limesuguliwa hivi karibuni.