Nalubaale si jina mbadala

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Jinja, nachangia makala za Kiswahili kwenye Wikipedia. Niliandika kwamba Nalubaale ni "jina mbadala" la Ziwa Viktoria. Mwenzangu mmoja akafuta, eti ziwa lina jina moja tu. Nikarudisha, akafuta tena. Nani amekosea?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mmekosea wote wawili, ila kosa lako ni dogo na lina dawa.

Mbadala ni mtoto wa badala. Ukiambiwa upite barabara mbadala, unajua ile kuu imefungwa. Kwa hiyo jina mbadala ni jina la akiba, linalongoja jina lenyewe lishindwe. Sasa Speke, mpelelezi Mwingereza, alifika ukingoni mwa ziwa hili mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake, na Waganda walikuwa na jina lao tayari, tena lenye neno lubaale ndani yake, yaani miungu yao ya kale. Mganda akisoma "mbadala" atauliza: badala ya nani? Wajaluo nao husema Nam Lolwe, wala hawamshikii mtu zamu. (Wapo wanaotaka tuseme Ziwa Nyanza. Nyanza maana yake ni ziwa, basi hapo umesema ziwa ziwa.)

Taja lugha, ugomvi utapungua: "Ziwa Viktoria, ambalo kwa Kiganda huitwa Nalubaale na kwa Kijaluo Nam Lolwe." Na tafadhali, usiandike "linajulikana kama Nalubaale". Neno "kama" ni la kufananisha. Sema huitwa, au hujulikana kwa jina la Nalubaale.

Huyo mwenzako wa jina moja tu, muulize anaishi nchi gani. Uganda ni Buganda iliyopita kinywani mwa Waswahili: Bu- yao ikawa U- yetu, kama Bunyoro ilivyokuwa Unyoro. Leo Uganda ni nchi, Buganda ni ufalme ndani yake, na makala ikifuta mojawapo itakuwa imefuta historia nzima.

Kichwa cha makala kibaki Viktoria, maana ndilo msomaji wa Kiswahili atakalolitafuta. Nalubaale ningelifanya elekezo, yaani ukurasa unaompeleka msomaji moja kwa moja kwenye makala ya Viktoria, ila ninyi wa Jinja mnajua kwamba hata kituo cha umeme kilichoitwa Owen Falls siku hizi ni Nalubaale. Afadhali uwepo ukurasa mfupi wa kutenganisha maana hizo mbili.

Kama unalipenda sana neno lako, mahali pake papo. Mwaka 1973 Ziwa Edward lilipewa jina la Idi Amin Dada, na Maporomoko ya Murchison enzi hizo yakaitwa Kabalega. Pale jina moja liliondolewa kwa amri, jingine likakaa badala yake. Huo ndio ubadala. Lakini hata hapo angalia kitenzi chako: Ziwa Edward liliitwa Idi Amin Dada, kwa li- ya wakati uliopita, kwa sababu leo hakuna mvuvi wa Katwe anayelitaja hivyo. Nalubaale huitwa, kwa hu-. Nimeona makala inayosema "zamani liliitwa Nalubaale", na siku ileile abiria mwenzangu kwenye matatu alikuwa akilitaja kwa jina hilohilo.