Deafheaven: Ni Pesa au Ni Kujifunza?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimewasikiliza bendi ya Deafheaven ya San Francisco kuanzia demo yao (rekodi ya majaribio) ya mwaka 2010 hadi albamu ya mwaka 2025, na nikizilinganisha naona kama ni bendi mbili tofauti. Wenzangu wanashikilia kwamba kilichobadilika ni studio tu, kwa sababu ukilipiwa na kampuni kubwa huwezi kukosa kusikika vizuri. Je, watu hawa walijifunza muziki kweli, au ni pesa zilizowabeba?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Walijifunza, ndugu yangu, na ushahidi wangu wa kwanza ni Jack Shirley. Huyu ndiye aliyewarekodia demo ile, wakati bendi ilikuwa ni mwimbaji George Clarke na mpiga gitaa Kerry McCoy tu, na ndiye aliyeendelea kuwarekodia albamu zote nne zilizotoka kati ya mwaka 2011 na 2018. Kwa hiyo ukisikia tofauti kubwa kati ya albamu ya kwanza na ya pili, usiitafute kwa fundi wa mitambo, maana fundi ni yule yule. Itafute katika utunzi na katika mikono ya wapigaji.

Kwa wasomaji wasioufahamu muziki huu wa Deafheaven, unaoitwa blakigezi, ni ndoa ya mitindo miwili: bleki metali, aina ya roki nzito yenye ngoma za kasi na mwimbaji anayepasua sauti, na shugezi ya Uingereza, ambayo gitaa zake hurundikwa mwangwi juu ya mwangwi hadi ziwe kama ukungu. Mfaransa Neige na mradi wake wa Alcest walikwisha kuifungisha ndoa hiyo kabla ya Deafheaven kuzaliwa. Kazi ngumu ni kuiunganisha mitindo hiyo pasipo mshono kuonekana, na hapo ndipo bendi hii ilipokomaa.

Sikiliza wimbo wa kwanza wa Roads to Judah, albamu ya mwaka 2011. Gitaa tulivu linajivuta kwa dakika kadhaa, kisha kishindo kinaangushwa juu yake ghafla. Ni jambo zuri, lakini unasikia kabisa mahali kipande kimoja kilipoishia na kingine kilipoanzia. Sasa weka wimbo wa kwanza wa Sunbather, wa mwaka 2013. Kishindo kinafika mapema, na ndani yake gitaa linabeba tuni nyangavu unayoweza kuiimba jikoni. Katikati kila kitu kinatulia, na kinapopanda tena, upole ule unapanda nacho. Nimeurudia mpito huo mara nyingi kwa spika za masikioni, na bado unanisisimua. Nadhani sifa nyingi hapa ni za Daniel Tracy, mpiga ngoma aliyejiunga baada ya albamu ya kwanza, kwa kuwa anajua kuyaacha matoazi yapumue hata miguu yake inapokimbia.

Wenzako hawakukosea kabisa. Mwaka 2021 walimpata prodyuza mpya, Justin Meldal-Johnsen, na sauti ya albamu ile, Infinite Granite, ni safi na ya gharama. Hata hivyo, mzigo mzito wa albamu hiyo ulimwangukia Clarke, aliyeacha kupiga ukelele karibu nyimbo zote na kuimba kwa sauti yake ya kawaida. Kwa maoni yangu anasikika mwoga mahali pengine, na nyimbo kadhaa zinafanana mno. Lakini bila woga ule nisingeweza kuieleza Lonely People with Power, albamu ya sita, ya mwaka 2025: ukelele umerudi kwa nguvu zote, na uimbaji laini unaingia pale tu unapohitajika.

Waketishe wenzako, uwachezee nyimbo mbili nilizozitaja, ya 2011 na ya 2013, moja baada ya nyingine, na usiwatajie mwaka wala kampuni.