Kuonewa na kuruta wenzako deponi: ripoti inayosikilizwa

Deponi, yaani kwenye kambi ya mafunzo ya makuruta (askari wanafunzi), uonevu una saa zake: tangu taa zizimwe hadi filimbi ya alfajiri, mkufunzi akiwa amekwenda zake na bweni limebaki mikononi mwa makuruta wenyewe. Mara nyingi mzizi wake ni adhabu ya jumla ya mchana. Mmoja kachelewa kufunga buti, platuni nzima ikarushwa kichurachura. Usiku wenzake wanamdai. Wanamfunika blanketi asione sura, wanampiga kwa sabuni iliyotiwa ndani ya soksi. Au wanamwamsha apige pushapu mia mbili "ajifunze".

Mazoezi magumu si uonevu. Kichurachura kilichoamriwa na mkufunzi uwanjani, mbele ya watu, ni habari nyingine, na kikizidi kina njia yake ya kulalamikiwa. Lakini kuruta hana mamlaka ya kumwadhibu kuruta mwenzake, hata akiwa ndiye kiongozi wao. Ukiwa na shaka, jiulize: wangelifanya jambo hili mkufunzi akiwa amesimama mlangoni?

Kabla ya karatasi, tazama mwili. Mkojo ukigeuka rangi ya chai isiyo na maziwa baada ya mazoezi ya kulazimishwa, nenda kwa mganga wa zahanati ya kambi usiku huo huo. Misuli imevunjika na kumwaga protini kwenye damu, na figo zinaweza kushindwa. Aliyelazimishwa kunywa maji lita baada ya lita, kisha akaumwa kichwa, akatapika na kuanza kuongea ovyo, asiongezewe maji: chumvi ya damu imeshuka na anaweza kuingia degedege. Ngumi ya kifuani, ile wanayoiita ya kukaribishana, ikitua vibaya inaweza kusimamisha moyo bila kuvunja hata ubavu mmoja. Hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kutafuta ruhusa ya kiongozi wa bweni.

Kwa mganga sema "nimepigwa", na useme kwa kitu gani. "Nimeteleza bafuni" ndiyo sentensi inayoua kesi nyingi, kwa sababu kumbukumbu ya matibabu huandikwa saa ile ile na ndiyo kila mtu atakayoifungua baadaye. Kama ulishadanganya kwa woga, rudi ukaombe maelezo yako yarekebishwe, tarehe ya marekebisho ionekane. Ni aibu ya dakika tano tu.

Sasa maandishi. Yaandike siku hiyo hiyo. Simu pengine wamezichukua, kwa hiyo daftari dogo linatosha, lisikae kwenye kabati linalokaguliwa kila asubuhi. "Wananitesa kila siku" haimpi mpelelezi pa kuanzia. Hii inampa: "Usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, zamu ya pili ya lindo ikiwa imeingia punde, nikiwa kitanda cha tatu kutoka mlangoni, nilifunikwa blanketi. Nilipigwa mara nne hivi mbavuni kwa kitu kigumu. Niliitambua sauti ya fulani ikisema 'leo utajifunza kufunga buti'. Sura sikuiona." Sentensi ile ya mwisho usiifute. Swali la kwanza utakaloulizwa ni uliwaonaje ukiwa chini ya blanketi, na anayekiri asichokiona huaminiwa kwa alichokisikia. Ongeza adhabu ya mchana iliyotangulia, maana ndiyo inayoeleza kwa nini wewe na kwa nini usiku ule.

Kutaja zamu ya lindo si urembo. Saa ya ukutani huenda hukuiona, lakini orodha ya walinzi wa usiku imeandikwa na ina majina. Inaonyesha nani alikuwa macho, nani alipita kwenye korido, nani alipaswa kusikia. Ni shahidi asiyetishika. Iombe ihifadhiwe mapema, kwa maandishi, kabla haijatupwa. Ukipata picha za majeraha, piga moja kwa mbali sura ionekane na moja kwa karibu, pembeni pawe na sarafu ya kupimia.

Kupeleka wapi? Kwa kawaida ni sajini wa platuni au ofisa wake, na hakuna haja ya kueleza kisa kizima mbele ya mlango: "Afande, naomba kuzungumza faragha, ni suala la usalama bwenini." Usimpitishie kiongozi wa makuruta, mara nyingi yumo, au ni rafiki wa waliomo. Mkufunzi wako akiwa alijua akafumba macho, mruke, nenda kwa kamanda wa kombania au ofisa wa zamu. Kasisi au imamu wa kambi ni sikio jema, ila kumweleza siri si kuripoti mpaka umwombe akusindikize. Kabidhi nakala, baki na nyingine, andika nani aliipokea na saa ngapi. Omba jambo moja la papo hapo: kuhamishwa kitanda au bweni.

Soma kanuni za jeshi lako kuhusu muda. Ujerumani lalamiko rasmi halipokelewi kabla usiku mmoja haujapita, na mwisho wake ni mwezi mmoja. Askari wa huko anaweza pia kumwandikia moja kwa moja kamishna wa bunge anayefuatilia majeshi, bila kupitia wakubwa wake. Uingereza muda wa kawaida ni miezi 3. Anayengoja mpaka gwaride la kuhitimu hujikuta platuni imeshatawanyika na mashahidi wako vikosi tofauti.

Makosa mengine ni ya haraka haraka. Barua moja yenye saini kumi inavutia, lakini majeshi kadhaa hayakubali malalamiko ya pamoja. Ujerumani imeyakataza kabisa. Kila mtu aandike yake, kwa maneno yake. Maelezo yanayofanana neno kwa neno yananuka kupangwa. Kutoroka kambini kunakugeuza mshitakiwa. Kurusha video mtandaoni kunaweza kukuletea shauri la usalama juu ya lile la kwanza. Na kama siku moja nawe ulishika miguu ya mtu akipigwa, liseme mwenyewe mwanzoni, kwani wao watalisema tu.

Baada ya kuripoti, kisasi huja kwa sura ndogo: kitanda kimemwagiwa maji, mkanda umepotea nusu saa kabla ya ukaguzi ili uadhibiwe wewe. Kagua vifaa vyako kila jioni mbele ya mtu unayemwamini, mkanda, kofia, buti zote mbili. Kikikosekana kimoja, ripoti kabla ya ukaguzi, si baada yake, na uandike kama tukio jipya lenye tarehe na karatasi yake.