Epoksi na mashini ndani? Gawa atelye mara mbili

Yaya, eti utoe mashini zote inje ndio upake sakafu epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya na dawa yake? Hapana, hapa Bukavu utaziweka wapi na hii mvua na wezi. Gawa atelye mara mbili: sukuma vyote upande moja, paka ule uko wazi, ngojea, kisha geuza. Ila usirudishe rabotezi (mashini ya kuranda mbao) kesho yake juu eti imekauka! Kutembea na miguu ni masaa 24 ivi, lakini kitu kizito acha karibu siku 7, soma kopo maana kila aina iko na yake. Na fasi vipande viwili vitakutana, kwaruza ule ukingo na papie emeri mbele ya kupaka ya pili, la sivyo itabanduka.

Kazi yenyewe iko mu kutayarisha. Mafuta ya mashini ikibaki mu beto epoksi haishike, sugua na sabuni ya kutoa mafuta, kisha saga beto mupaka uisikie na mukono inakwaruza. Unyevu nayo: bandika kipande ya plastiki chini na skochi pande zote, lala nayo, asubui ukikuta maji chini yake ngojea mwezi wa 7, wakati wa ukame. Mimi nilidharau hiyo, malengelenge kila fasi.

Changanya kidogo kidogo, ndoo ikijaa inapata moto na kuganda mbele umalize. Na kama unasudeaga pale, acha ile kona na beto yake tu, cheche zitachoma rangi.