Makovu ya ngozi, ya pafu na ya ini: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu makovu: ya ngozi, na yale yasiyoonekana, ndani ya pafu na ini. Nimeyaweka pamoja kwa sababu kazi inayofanyika mwilini ni ileile.

Dokta, binti yangu wa miaka sita aliangukia sufuria ya bukari kwenye mbabula. Kidonda kilifunga, tukamshukuru Mungu. Sasa miezi mitatu imepita na kiwiko kinazidi kujikunja. Kitu kilichopona kinavutaje tena? (Mama, Katuba)

Pole sana, Mama. Ngozi ya juu ikifunga, kazi ya chini huwa bado. Mtu akiumia, seli za damu na za kinga hutoa protini iitwayo TGF-beta. Kazi yake ni kupeleka amri: huziambia seli za fibroblasti zitengeneze kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoushikilia mwili. Baadhi ya fibroblasti hizo hugeuka. Hujijaza aktini, protini ya jamii ile iliyomo kwenye misuli, zikapata nguvu ya kuvuta. Giulio Gabbiani na wenzake walizieleza mwaka 1971, na leo zinaitwa miofibroblasti. Ndizo zinazokutanisha kingo za kidonda.

Kwa kawaida zikimaliza kazi hufa. Lakini mtu akiungua kwa kina, hasa kidonda kikichukua zaidi ya wiki tatu kufunga, hubaki zikivuta kwa miezi. Na kuna jambo baya zaidi: TGF-beta nyingine huwa imefungiwa katikati ya nyuzi, imelala. Seli zikizivuta nyuzi kwa protini za ukuta wake ziitwazo integrini, huifungua. Mvuto unaiamsha TGF-beta, nayo TGF-beta inaleta mvuto mwingine.

Kwa hiyo usisubiri, Mama. Mpeleke mtoto wiki hii kwa mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine. Atakufundisha kuunyoosha mkono kila siku, na atamtengenezea kifaa cha kuushika ukiwa umenyooka usiku. Mtoto atalia, nawe utaumia moyo, lakini usiache. Kovu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukomaa, na huo ndio muda wa kulifanyia kazi. Likishakaza kabisa, daktari wa upasuaji anaweza kulifungua na kupandikiza ngozi, na mazoezi yataendelea hata baada ya hapo. Mtoto anakua, kovu halikui naye sawasawa. Aendelee kuangaliwa mpaka amalize kukua.

Mtu akiungua, tumpake dawa ya meno au yai? (Msomaji, komini ya Kenya)

Hapana, wala kimoja. Mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, kisha funika kwa kitambaa safi na uende hospitalini. Vitu hivyo vinaweza kuleta maambukizi, maambukizi yanachelewesha kidonda, na Mama wa Katuba ameshatuonyesha kuchelewa kunazaa nini.

Nilitoboa masikio, na nyuma ya moja kumeota uvimbe unaowasha na kukua. Kuna mtu mtaani anasema ataukata kwa dakika tano. (Dada, Kampemba)

Usimpe sikio lako, dada yangu. Unavyoeleza, hiyo inafanana sana na keloidi, kovu linalovuka mipaka ya jeraha lililolizaa. Kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka yake, na mara nyingi hupungua lenyewe. Kwenye keloidi, amri ya TGF-beta haikomi, na kolajeni inaongezeka haraka kuliko mwili unavyoivunja. Nyuzi za ngozi yenye afya zimesukwa kama mkeka. Za keloidi ni nene na zimerundikana ovyo. Watu wenye ngozi nyeusi huipata zaidi, hasa kati ya miaka 10 na 30, kwenye masikio, kifua na mabega, na mara nyingi hufuata ukoo. Hujarogwa, na si uchafu.

Kukata peke yake ni kulichokoza upya. Tafiti mbalimbali zinaonyesha keloidi iliyokatwa tu hurudi kwa asilimia 45 hadi 100 ya wagonjwa, na mara nyingine hurudi kubwa kuliko ya kwanza. Tiba ya kuanzia ni sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya uvimbe wenyewe, inayorudiwa kila baada ya wiki chache. Inapunguza kolajeni, ingawa inaweza kufifisha rangi ya ngozi pale ilipochomwa. Upasuaji ukilazimu, uambatane na sindano hizo, kibanio cha kuligandamiza sikio au mionzi.

Kama TGF-beta ndiyo chanzo, kwa nini isizuiwe kabisa? (Mwanafunzi, Ruashi)

Kwa sababu tunaihitaji, mdogo wangu. Ndiyo inayotuliza kinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwazalisha panya wasio na jeni ya TGF-beta1. Walikufa wiki chache baada ya kuzaliwa, kinga yao ikishambulia viungo vyao wenyewe. Kampuni ya Renovo ya Uingereza ilijaribu njia nyingine: kuchoma TGF-beta3 kwenye kingo za mshono, protini ya ukoo uleule inayohusishwa na kupona bila kovu kwa mtoto aliye tumboni. Jaribio lake kubwa lilishindwa mwaka 2011. Sasa wengi wanazitafutia dawa integrini, ili kuizuia TGF-beta pale tu inapodhuru.

Mimi macho yangu yako zaidi kwa panya wa miiba. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walieleza kwamba ngozi ya mnyama huyu hubanduka kirahisi, kisha huota upya pamoja na vinyweleo, hata akiwa amekomaa. Ukichagua somo la kufanyia utafiti, anza hapo.

Nilishika mashine ya kutoboa mwamba kwa miaka mingi. Radio ya kifua, ile picha ya mionzi, inaonyesha makovu. Iko dawa ya kuyaondoa? (Papa, Likasi)

Papa, nitakuambia ukweli: kama ni silikosisi, yaani makovu ya pafu yanayoletwa na vumbi la mawe, dawa ya kuyafuta makovu hayo haijapatikana. Vumbi la mawe lina silika. Seli za kinga za pafu humeza chembe zake, zinashindwa kuzisaga, zinakufa zikimwaga protini za kuwasha uvimbe, na chembe zilezile zinamezwa na seli nyingine. Ndiyo maana ugonjwa unaweza kuendelea hata baada ya kuacha kazi. Pirfenidoni na nintedanibi, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ugonjwa mwingine wa makovu ya mapafu, hupunguza mwendo wa kovu tu.

Yaliyo mikononi mwako: kaa mbali na vumbi, acha sigara, na kikohozi kikipita wiki mbili kapime kifua kikuu, kwa sababu silika hukifungulia mlango. Kwa vijana walio bado kwenye kariere: toboeni kwa maji. Kitambaa puani hakizuii chembe hizo. Na anayechukua faida ya mwamba ndiye anayepaswa kulipia maji hayo. Sioni kwa nini mchimbaji alipe kwa pumzi yake.

Nina hepatiti B, virusi vya ini. Wanasema ini likishapata kovu limekwisha. (Msomaji, Kamalondo)

Si kweli, na nimefurahi umeuliza. Ini likishambuliwa, seli zake zenye umbo la nyota hugeuka miofibroblasti. Lakini chanzo kikizimwa, nyingine hufa, nyingine hutulia, na vimeng'enya vinavyovunja kolajeni hupata nafasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa 348 wa hepatiti B waliomeza tenofoviri, dawa ya kuvizuia virusi hivyo, kwa miaka mitano: asilimia 51 kovu la ini lao lilirudi nyuma. Kati ya 96 walioanza na sirosisi, yaani kovu lililoenea ini zima, 71 hawakuwa nayo tena.

Si kila mwenye virusi anahitaji dawa. Vipimo ndivyo vitakavyoamua. Ukianzishiwa, usiiache bila daktari, maana virusi vinaweza kuamka kwa ghafla. Pombe, kuanzia bia hadi lutuku, iache kabisa. Wa nyumbani kwako wapimwe, na wasio na virusi wachanjwe.